Hilali Niliyoipiga Uani

Kamera niliyopigia picha za sayari ilikuwa imeshafanya kazi nyingine kwa miaka. Ilikaa juu ya kompyuta namba mbili katika saiba yangu ndogo ya intaneti pale Hell-Ville, kisiwani Nosy Be, Madagaska, na kazi yake ilikuwa kuwaonyesha watu jamaa zao walioko Reunioni na Marseille. Akina mama waliipungia mkono, waliibusu, waliinyooshea watoto wachanga. Bibi mmoja aliipaka uji, nikamfokea, kisha nikajuta, maana alikuwa akijaribu kumlisha mjukuu ambaye hajawahi kumgusa. Simu zenye kamera zilipoingia, saiba ikafa kifo cha polepole. Niliuza kompyuta zote, nikabaki na laptopu moja na kamera ile, kwa sababu hakuna aliyeitaka.

Darubini nayo ilinijia kwa njia hiyo hiyo ya vitu visivyotakiwa. Jirani yangu Mfaransa, mstaafu, alikuwa anarudi kwao, akaniachia bomba jeupe refu kama mtoto wa miaka sita, pamoja na miguu yake mitatu, akisema kioo chake kimeota ukungu na yeye hana tena subira nacho. Ukungu niliutoa kwa maji safi na pamba. Nilikuwa mjane, watoto wangu wameoa na kuolewa, na saiba haina wateja. Mtu wa namna hiyo ukimpa darubini, usimtafute tena.

Nilitaka kuzipiga picha sayari nilizokuwa nikiziona. Watu kwenye intaneti, Wafaransa wengi wao, watu nisiowajua wa miji nisiyowahi kufika, walijibu maswali yangu ya kijinga kwa subira ambayo mimi sina. Nawashukuru mpaka leo. Walinieleza nifungue lenzi ya ile kamera na kuiweka kando, libaki lile bamba dogo la ndani linalopokea mwanga, halizidi punje ya mchele. Kisha nitafute kikopo cha filamu, kile cha plastiki cheusi cha zamani, nikikate kitako, nikigandishe kwenye kamera. Kikopo cha filamu kinaingia kwenye tundu la darubini barabara, pale unapoweka jicho. Sijui ni mpango wa Mungu au wa viwanda. Vikopo hivyo nilikuwa navyo kumi na moja, vyote vya mjomba wangu, vimejaa vifungo na karafuu.

Siku za mwanzo nilitukana sana. Darubini yangu haina mota, kwa hiyo sayari inavuka kioo cha laptopu mbio kama mtoto aliyeitwa kuoga. Unaisogeza, inakuja, unaigusa kidogo ili picha iwe kali, bomba lote linatetemeka, inatoroka. Ukiipata, unachukua video ya dakika moja au mbili. Baadaye programu inazipitia picha zote za video hiyo, mamia kwa mamia, inatupa zile zilizotikiswa na hewa, inazilaza zilizobaki moja juu ya nyingine mpaka sura itokeze. Mshtarii wangu wa kwanza, ile sayari kubwa kuliko zote, ulikuwa kiini cha yai kilichopasuka. Wa kumi pia. Ule wa ishirini na kitu ulikuwa na mistari miwili ya kahawia tumboni, iliyonyooka kabisa, na nilipiga vigelegele peke yangu mpaka jirani akauliza nani kaolewa.

Sasa nimtaje mjomba, kwa sababu habari hii ni yake kuliko yangu.

Nililelewa naye, yeye ndugu wa mama, katika mtaa wa Tanambao, Mahajanga. Mwishoni mwa miaka ya sabini Wangazija wengi walikuwa wameshaondoka mjini kwa meli kurudi Komoro baada ya fujo zilizowaua wenzetu, na sisi tuliobaki tulitembea tukitazama chini. Nje tulisema Kimalagasi, tukakivua mlangoni pamoja na viatu, ndani tukasema Kingazija. Mjomba alikataa kuondoka. Alikuwa na studio ya picha, chumba kimoja chenye pazia lililochorwa bustani, na kamera ya sanduku iliyosimama juu ya miguu mitatu. Aliniruhusu niingize kichwa chini ya kitambaa cheusi nione watu kwenye kioo cha nyuma, wamepinduka, kichwa chini miguu juu. Nilicheka. Yeye hakuona la kuchekesha. Alikuwa akiwasoma hivyo tangu ujana, na aliweza kumwambia mteja anyooshe kola bila kutoa kichwa nje.

Alikuwa pia shahidi wa mwezi. Kabla ya fujo, wazee waliokwenda ufukweni jioni ya tarehe ishirini na tisa kuutafuta mwezi wa Ramadhani au wa Idi walikuwa saba au wanane. Baada ya meli kuondoka walibaki wawili, na mmoja alikuwa yeye. Alikuwa na utaratibu wake. Ukiuona, usiseme. Teremsha macho utazame vidole vya miguu yako, kisha inua tena. Ukiukuta palepale, teremsha tena. Mara tatu. Ukiupata mara tatu ndipo uende kwa khatibu ukaape. Mimi nikiwa mtoto nilikuwa napiga kelele kwa kila kipande cha wingu, naye ananiambia, "Vidole, mama. Tazama vidole." Sikukuu ya watu wale wachache waliobaki ilipita mdomoni mwake mwaka baada ya mwaka. Najua alichokuwa akikilinda.

Mwaka ninaousimulia, Zuhura na Mshtarii zilikuwa zimekaribiana upande wa magharibi kila jioni, ungedhani zinanong'onezana. Niliamua kwenda kumalizia Ramadhani kwa mjomba, Mahajanga, na darubini niende nayo. Nilivuka kwa boti mpaka Ankify, kisha teksi-brusi, basi dogo la safari ndefu, bomba nimelifunga kwa saluva mbili, nguo zangu za kujifunga, na kulipakata. Abiria mmoja aliniuliza kama ni kombora. Nikamwambia ndiyo, na nalipeleka kwa watu wanaouliza maswali.

Jioni ya kwanza niliona mjomba anamimina uji pembeni mwa bakuli. Akapangusa meza. Siku ya pili niliona anahesabu hatua kutoka mlangoni hadi kwenye lango, midomo ikicheza. Nilipompa mkono aliusukuma. Siku ya tatu nikamwuliza waziwazi kama anaona, maana mimi si mwanamke wa kuzunguka mbuyu.

"Karibu naona," alisema. "Uso wako naona nikikusogelea. Picha kubwa naona. Mwezi mchanga sijauona tangu mwaka juzi."

"Na unatoaje ushahidi?"

"Sitoi. Nasema sikuuona, na hiyo ni kweli. Wenzangu wawili walioingia baadaye wana macho mazuri. Wakisema wameuona, mimi nawahoji. Uko wapi, pembe zinatazama wapi, umeupata mara ngapi. Kisha wao ndio wanaokwenda kuapa."

"Basi si uwaambie watu?"

"Wakijua wataniweka kando."

Alisema hivyo kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake. Minong'ono ilikuwa imeshaanza. Kijana mmoja wa kamati ya msikiti alimpungia mkono akiwa hatua chache mbele yake baada ya sala ya Ijumaa, kumpima kama kipofu. Mjomba hakuuona mkono. Aliambiwa baadaye na mtu mwingine, na hilo ndilo lililomuuma.

Jioni ya tarehe ishirini na tisa alivaa kanzu yake nzuri akaenda ufukweni na wenzake wawili. Baharini, chini kabisa, kulikuwa na ukuta wa mawingu. Juu anga lilikuwa safi. Mimi nilibaki uani na Zuhura yangu, ambayo kwa darubini unaweza kuipata hata kabla jua halijatua ukijua pa kuitafuta. Kwa macho matupu ni nyota kubwa tu. Kwa darubini, katika majuma yale, ilikuwa hilali. Zuhura ina sura kama za mwezi, hujaa na kupungua, na wakati huo ilikuwa imepungua, pembe mbili, nyembamba, nyeupe pe.

Hewa ilitulia jioni ile kwa namna ambayo hutokea mara chache. Nilichukua video tatu. Adhana ya magharibi ilisikika, nikafuturu kwa tende na maji huku programu ikifanya kazi yake. Picha ikatokea. Hilali kali, safi, imejaa kioo kizima cha laptopu. Nilikuwa sijawahi kupiga picha nzuri namna ile, na sijapiga tena. Nilishukuru Mungu, nikaiacha wazi mezani hapo uani, nikaingia ndani kusali.

Niliyekuwa na akili za kufungua kamera na kuifunga sikuwa na akili za kukumbuka kwamba jioni ile, Tanambao nzima ilikuwa ikitafuta kitu kimoja tu, na kitu hicho kina pembe mbili.

Jirani yetu aliingia na sahani ya mikate. Mama mchangamfu, Mmalagasi aliyeolewa na mtu wetu, akimwita mjomba *zama* kama Wamalagasi wanavyowaita wajomba zao. Alikuta ua mtupu, darubini imeelekezwa magharibi, na mezani hilali inang'aa. Nyumba ya nani? Ya shahidi wa mwezi. Angefikiri nini? Simlaumu. Nilikuwa katika rakaa ya pili nikasikia kigelegele cha kwanza. Katika ya tatu vilikuwa kumi. Nilipotoa salamu watoto walikuwa wakigonga masufuria njiani, na mtu ameshapanda pusipusi, kigari kinachokokotwa na mtu, kupeleka habari msikitini: mwezi umeonekana, umeonekana nyumbani kwa mzee. Nilitoka nikipiga kelele kwamba ni Zuhura, ni nyota, jamani ni nyota. Nani asikilize? Waliniitikia "Idi njema" wakanikumbatia. Wanasema penye wengi hapaharibiki neno. Mimi nililiona likiharibika, penye wengi hasa. Kisha kipaza sauti cha msikiti kikaanza takbira.

Mjomba alirudi kabla sijajua nifanye nini. Wenzake wawili walikuwa nyuma yake, wamechanganyikiwa. Njia nzima watu walikuwa wakimpa mkono, wakimsifu kwa macho yake. Kijana yule yule wa kamati alikuwa amembusu kichwani na kumwomba radhi.

Fikiria hilo. Alichokuwa akiogopa kukipoteza alikuwa amerudishiwa, tena hadharani, na wala hakusema uongo hata mmoja. Ilitosha anyamaze tu.

"Nionyeshe," aliniambia.

Akainama mpaka pua inakaribia kugusa kioo cha laptopu.  Kisha akaishika laptopu kwa mikono miwili na kuipindua, chini juu.

"Imepinduka," alisema. "Kama kwenye kamera ya sanduku. Ulikuwa umeelekeza juu kiasi gani?"

Nilinyoosha mkono, nikapima ngumi juu ya ngumi toka ukingo wa paa la jirani, upande wa bahari. Zaidi ya tatu.

"Mwezi wa siku ya kwanza haufiki hata ngumi moja. Na huu uso wake mbona hauna makovu? Mwezi una makovu. Hii ni nini?"

"Zuhura, mjomba. Nimeacha picha wazi. Kosa ni langu."

Nilianza kulia, kwa hasira zaidi kuliko kwa huzuni, hasira juu yangu mwenyewe. Yeye alikuwa bado anaitazama.

"Picha nzuri sana," alisema. "Makali yake safi. Chukua vyote. Tunakwenda."

Tulipakia darubini kwenye pusipusi na sisi tukaifuata kwa miguu. Mbele ya msikiti palikuwa na shangwe. Mjomba alimwita khatibu nje, akamwambia kwa sauti ya kutosha watu wote: sisi watatu tulikuwa ufukweni, hakuna aliyeona mwezi, kuna mawingu. Kilichoonekana nyumbani kwangu ni nyota ya Zuhura, imepigwa picha na mpwa wangu, naye hakumwambia mtu kuwa ni mwezi.

Watu walichachamaa. Wapo waliosema tumewachezea dini. Wapo waliosema anamkingia kifua mpwa wake. Mmoja alisema mashine imeona kupita macho ya wazee, kwa nini tuikatae? Maji yakishamwagika hayazoleki, na Idi ikishatangazwa nani anataka kurudi kwenye daku?

"Tazameni juu," mjomba alisema. "Ile nyota kubwa bado ipo. Mwezi wa leo ungekuwa umeshazama zamani. Mpwa wangu, waonyeshe."

Nilisimamisha miguu mitatu hapo kwenye mchanga, nikaichomoa kamera ya kompyuta, nikaitia mfukoni na kuweka kioo cha kuchungulia. Nikaipata. Khatibu alichungulia wa kwanza. Aliinua kichwa akaitazama nyota, akachungulia tena, akainua kichwa tena, akarudia kuchungulia. Nilimhesabia. Mara tatu.

"Subhanallah," alisema. "Ni ile ile. Nyota ina pembe."

Walichungulia mmoja mmoja, wale wenzake mjomba wawili, yule kijana, yule aliyesema tumechezea dini. Kelele zilipungua, zikawa za mshangao, kisha za watu wanaogombea zamu. Jirani yangu wa mikate alichungulia akajipiga paji la uso, akanikumbatia akicheka na kulia. Nilianza kupumua. Mambo yalikuwa yamekwisha, na yamekwisha vizuri. Jina la mjomba lilikuwa limetoka pale likiwa zito kuliko lilivyoingia.

Khatibu akasema, "Mzee, wewe ndiye shahidi wetu. Tazama na wewe, ututhibitishie mbele ya wote, tufunge neno."

Mjomba alisogea. Nilimwelekezea kichwa kwa kidole, kidogo tu, kwa namna ambayo hakuna aliyeona. Akaweka jicho.  Niliinama kama ninayerekebisha kitu, nikamnong'oneza sikioni kwa Kingazija: "Ipo katikati, mjomba. Sema tu."

Nilitaka aseme. Nalisema hili bila kujificha. Watu arobaini walikuwa wameshaiona, na neno lake lisingeongeza wala kupunguza kitu, isipokuwa kwake. Ingekuwa kweli hata kama hakuiona.

Alinyooka.

"Sioni kitu," alisema.

Khatibu alidhani nyota imetoroka kwenye kioo. Akaniambia niirudishe.

"Ipo," mjomba alisema. "Mpwa wangu ameniambia ipo, nami namwamini. Ila mimi sioni. Mwezi mchanga pia sioni, tangu mwaka juzi. Ya leo nimeyajua kwa kupima na kuuliza. Kwa macho siwezi kuapa. Tafuteni mtu mwingine."

 Yule kijana wa kamati alitazama chini. Khatibu alimshika mjomba mkono kwa mikono yake miwili, akakaa nao hivyo kidogo, halafu akageuka kuwaambia watu kwamba kesho tunafunga, tunatimiza thelathini, na wenye mikate waiweke mpaka kesho kutwa.

Nilifunga bomba kwa saluva zangu. Nimewahi kupewa vitu vingi bure katika maisha haya: chumba nyuma ya studio, kazi, darubini, majibu ya watu wasionijua. Namshukuru Mungu kwa vyote. Lakini jioni ile nilikuwa nimemwomba mjomba wangu uongo mdogo wa kumfaa yeye mwenyewe, naye alinikatalia mbele za watu bila kuniaibisha, wala hakuutaja tena mpaka alipofariki. Sijui zawadi kubwa kuliko hiyo.

Pusipusi ilitangulia na darubini. Giza lilikuwa limeshaingia na taa za mtaa wetu, kama kawaida, moja inawaka na tatu zimelala. Nilitembea kando ya mjomba bila kumpa mkono, maana nilimjua. Hatukufika mbali. Alisimama, akapapasa hewani mpaka akaupata mkono wangu, akaupitisha kwapani mwake na kuubana.

"Sasa hakuna haja ya kuhesabu," alisema. "Niambie tu panapo shimo."

Mbele kidogo palikuwa na mfereji wa maji machafu uliovunjika kifuniko.

"Hapa, mjomba," nilimwambia.

Akainua mguu, tukavuka.